Deni la Sahani



Twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme neno ambalo tumelimeza siku nyingi, nalo limekataa kushuka. Si neno la cheo, wala la nyongeza ya mshahara, wala la nyumba za watumishi. Hayo tumekwisha kuyaandika, na tutayaandika tena. Neno la leo ni sahani ya wali. Atakaye kucheka na acheke, lakini asome mpaka mwisho, kwani huenda jina lake limo.

Sisi tu watu wa Moa, pwani ya kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Mji wetu ni mdogo: Wasegeju na Wadigo, mikoko na minazi, ngalawa na samaki. Karani wa huku akiitwa Tanga kwa kazi, kupeleka hesabu au kufuata karatasi iliyokwama juu ya meza ya mkubwa, hushinda huko kutwa. Ifikapo saa saba njaa humpeleka katika hoteli ndogo ya Mhindi, si mbali na soko. Jina la hoteli hatulitaji, maana wenyewe hawakututuma kuwasemea. Lakini kila mmoja wetu aijua njia yake hata gizani.

Mwaijua ilivyo. Meza ni chache, jagi la maji ni la bati, na harufu ya iliki na vitunguu humpokea mtu kabla hajavuka kizingiti. Asubuhi pana chai ya maziwa na chapati za moto. Adhuhuri wali, mchuzi wa samaki wa nazi, dengu, na achari ya embe pembeni mwa sahani. Alasiri bajia na kachori. Na siku ya Ijumaa biriani. Mwenyewe hukaa karibu na mlango, nyuma ya sanduku la fedha, miwani puani. Amezaliwa Tanga, na baba yake alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake hakina kigugumizi. Hajapata kutuuliza kabila wala dini. Asiye na fedha siku hiyo humwambia, "Andika, Bwana," naye hufungua daftari, akaandika jina, tarehe na kiasi, wala hatafuti shahidi.

Daftari hilo ndilo shina la maneno yetu.

Mwezi uliopita alikuja barazani petu mchuuzi wa samaki, mtu wa hapa hapa Moa. Alivua kofia, akaamkia, akakaa pembeni mpaka alipoulizwa haja yake. Kisha akasema: "Mabwana makarani, nimerudi kutoka Tanga mikono mitupu. Yule mwenye hoteli nimpelekeaye changu na kolekole ameniambia, 'Ngoja kidogo, ndugu yangu. Makarani wa kwenu wakinilipa, nami nitakulipa wewe.' Nami samaki wale niliwakopa kwa wavuvi, na wavuvi wananingoja pwani. Basi nimekuja kuuliza kwa adabu: mtalipa lini?"

Ndugu wanachama, hatujapata kuona ukimya kama ule. Kila mtu alitazama vidole vya miguu yake. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, akacheka akasema: "Mhindi ni Mhindi. Alikula jasho la babu zetu. Nasi tukila wali wake bure, pana dhambi gani?" Wako waliomwitikia kwa kicheko. Mchuuzi alivaa kofia yake, akaenda zake. Kicheko kile ndicho kilichotushikisha kalamu.

Kabla ya kuandika tulikwenda Tanga, tukamwomba mwenye hoteli atufungulie daftari. Tulikuta majina saba ya watu wa Moa. Hesabu ya majina hayo yakijumlishwa yazidi mshahara wa mwezi mmoja wa tarishi. Wala hatuandiki kama malaika: mawili katika hayo saba yalikuwa majina yetu sisi tuandikao. Tulilipa siku ile ile, tukatoka tumeinamisha vichwa. Na ukurasa mrefu kuliko zote ulikuwa wa yule aliyecheka.

Sasa tuzipime hoja za wenzetu, maana si haki kumlaumu mtu bila kumsikiliza. Hoja zao ni tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba Mhindi ni mgeni, na chakula chake ni cha kigeni, kwa hiyo hatuwiwi naye heshima tunayowiwa na mwenyeji. Twauliza: mgeni ni nani mezani hapo? Mahindi ya ugali wetu, mihogo yetu, nyanya za mchuzi wetu na pilipili iliayo ulimini, asili ya vyote ni Amerika, navyo vilifika pwani hii baada ya Wareno kuingia bahari yetu mwaka 1498. Mchele na nazi vimetoka upande wa Asia, zamani zaidi. Tukifukuza kila kilichokuja kwa chombo, karani atakula nini? Atakula hasira. Bibi wa Kiswahili apikaye pilau la harusi haulizi bizari ilipanda jahazi gani, wala mwuza bajia wa kando ya barabara hajihesabu kuwa Mhindi. Tena wenzetu hawa wajue kuwa maneno nayo yana safari zake. Chapati, bajia na achari yametoka Bara Hindi, na rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hii wakati wa Wadachi. Hata neno "karani", tunalolivaa kama koti la Jumapili, wajuao asili ya maneno husema lilitufikia kwa njia ya huko huko. Basi amchukiaye Mhindi kwa ajili ya ugeni na aanze kwa kuvua jina la kazi yake.

Na hiyo hoteli iitwayo ya Mhindi, hebu tuingie jikoni. Mpishi ni Mbondei. Mtumishi wa meza ni kijana wa Kidigo. Kuni, nazi, ndimu na mboga zauzwa na akina mama wa soko. Samaki ni wa Moa. Mwenye hoteli ni mmoja; mikono iliyo nyuma ya sahani ni mingi, na iliyo mingi zaidi ni mikono yetu wenyewe. Karani asiyelipa adhani amemwibia Mhindi, kumbe amemwibia mvuvi aliyelala baharini usiku kucha. Yule mchuuzi aliyevua kofia barazani ndiye shahidi wetu.

Hoja ya pili ni kwamba shilingi ya Mwafrika ibaki kwa Mwafrika. Hoja hii twaiheshimu, kwani ina uchungu wa kweli ndani yake. Twapenda kuwaona watu wetu wakiwa na hoteli zao, safi, zenye hesabu nzuri. Lakini tangu lini kutolipa deni kukawa mtaji? Atakaye shilingi ikae kwetu na aifungue hoteli, nasi tutakula kwake na kulipa kwake. Asemaye maneno haya huku akila kwa mkopo hana shilingi ya kuiweka popote. Tena tumepata habari kwamba yule mama apikaye maandazi mlangoni pa ofisi moja huko Tanga naye analo daftari, na makarani wamo. Yeye ni Mhindi?

Na wako wanaodhani kwamba mlango wa mwenzetu ukifungwa, wetu utafunguka wenyewe. Historia ya majirani na ya nchi yetu yajibu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka yao na hoteli zao zikagawiwa askari na marafiki wa utawala. Muda si muda rafu zikawa tupu, sukari na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa kwa jasho, na katika miaka ya 1990 Serikali nyingine ikawa inawaita wenye mali warudi wakachukue mali zao. Mwalimu Nyerere hakungoja matokeo hayo. Alikilaani kitendo kile wakati ule ule, akakiita ubaguzi. Nasi hapa kwetu mwaka 1976 tulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakaamriwa kufungwa ili ya vijiji yachukue nafasi yao. Maduka mapya hayakuwa tayari, bidhaa zikaadimika, na amri ikabidi isimamishwe. Fundisho ni hili: kujenga ni kazi, na kubomoa hakuihesabiwi kuwa kazi hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni jasho la babu zetu. Hatutaificha kweli. Chini ya Waingereza utumishi wa Serikali uligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na mishahara ikafuata rangi kama kivuli kifuatavyo mtu. Karani wa Kiafrika aliketi karibu na karani wa Kihindi, wakaandika barua za namna moja, na mwisho wa mwezi wakahesabu fedha zisizolingana. Ndiyo maana wazee wetu walikusanyika Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, kijana wa shule ya Kiungani, wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Wako Wahindi walioufurahia mgawanyo huo, na wako wenye maduka waliopunja mizani. Hayo yalikuwako, wala hatumwombi mtu ayasahau.

Lakini twauliza: yule mzee wa miwani alipunja mizani gani? Na kama kila mtu atachukuliwa dhamana ya makosa ya watu wa rangi yake, ni nani kati yetu atakayelala usingizi? Swali hili nchi yetu imekwisha kulijibu. Oktoba 1961, kabla ya Uhuru, Bungeni walitokea watu waliotaka uraia utolewe kwa rangi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alilipinga jambo hilo kwa ukali, akawa tayari kujiuzulu kuliko kulikubali. Na Januari 1964 akatangaza kwamba katika utumishi wa Serikali raia wote watahesabiwa sawa, bila kuangalia rangi, ingawa wako waliokasirika. Sisi tu watumishi wa Serikali. Tangazo hilo latuhusu zaidi ya mtu mwingine awaye yote. Hatuwezi kulitii ofisini na kulikana mezani.

Sasa, ndugu wanachama, twafika kwenye jambo ambalo kwalo tumeandika yote haya.

Katika siku za Waingereza ilikuwako sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Sheria hiyo ilisema kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halidaiwi mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umepata idhini ya maandishi ya ofisa wa Serikali. Waliotunga sheria walisema ni kwa ajili ya kutulinda. Kutulinda! Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye kusoma na kuandika, akawekwa pamoja na mtoto mchanga ambaye ahadi yake si ahadi. Mfanya biashara wa Kiafrika aliyetaka mali ya mkopo ili akuze duka lake alikutana na ukuta huo. Waliona uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki, maana sheria haikusema "Mwafrika ni maskini." Ilisema, kwa maneno ya adabu, "Neno la Mwafrika halina thamani."

Fikirini basi ilikuwaje mwenye hoteli wa siku zile alipoandika kikombe cha chai katika daftari. Alijua hana baraza la kumshitaki karani. Hakuwa na dhamana ila uso wa mtu na neno lake. Kwa hiyo kila mstari wa daftari lile ulikuwa ukiikanusha sheria. Serikali ilisema, "Msimwamini huyu." Mwenye hoteli, kwa ajili ya faida yake, ndiyo, lakini pia kwa imani yake, alisema, "Mimi namwamini." Na karani aliyelipa mwisho wa mwezi, bila kushurutishwa na askari wala hakimu, aliivunja sheria ile vizuri kuliko hotuba kumi.

Sheria ile haipo tena. Iliondoka pamoja na wakati wake. Lakini twawaambia kwa uchungu: yaweza kurudi bila kupigiwa kura. Siku mwenye hoteli atakapofunga daftari na kuandika ukutani, "Hakuna mkopo kwa makarani," siku hiyo sheria imerudi, nasi ndio tulioirudisha. Hataitunga Gavana. Itakuwa imetungwa kwa sahani zetu, mchuzi juu yake. Na baya zaidi, hatakayeumia kwanza si yule aliyecheka. Ni karani kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye mshahara wake wa kwanza umechelewa, asiyemjua mtu mjini. Atakuja mlangoni na njaa yake na uaminifu wake, naye ataambiwa, "Samahani, kijana. Wa kwenu walinifundisha."

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi twaongeza kwamba asiyelipa huwaachia wengine matanga. Na walisema tena, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nani kati yetu ajuaye kwamba kesho hataitwa Tanga bila posho ya safari mfukoni?

Kwa mwenye hoteli nako tuna neno, ili isemwe kwamba hatukuandika kwa upande mmoja. Na aandike kiasi mbele ya macho ya mlaji, amsomee, na akilipwa afute mbele yake. Wako wanaolalamika kwamba bajia mbili zimegeuka kuwa tatu katika daftari. Huenda ni kweli, huenda ni mwandiko mbaya; lakini aliyezidishiwa aseme siku ile ile, kwa adabu, si baada ya miezi mitatu, deni lidaiwapo. Na mpishi na kijana wa meza walipwe kwa wakati, kwani haki atakayo kwetu naye awape walio chini yake.

Basi twaleta mbele yenu mambo manne, tukiomba mkutano ujao uyakubali.

La kwanza, kila mwanachama mwenye jina katika daftari la hoteli, la duka au la mama wa maandazi, alipe mwisho wa mwezi huu. Asiyeweza kulipa yote aende mwenyewe, aseme atalipa kiasi gani na lini, wala asimtume mtoto.

La pili, mtu yeyote asiseme "Andika" kwa jina la ofisi wala la chama. Ale kwa jina alilopewa na wazazi wake.

La tatu, wanaotaka hoteli ya wenyeji waitishe mkutano wa hisa, nasi twaahidi kuwa wa kwanza kutoa. Lakini atakayejiandikisha na aoneshe kwanza kwamba hadaiwi na mtu kwa chakula alichokwisha kula.

La nne, Katibu asisome majina mwezi huu. Mwezi wa pili asisome. Mwezi wa tatu ayasome kwa sauti, kuanzia la yule aliyecheka, na likiwamo letu asituruke.

Twajua tutaambiwa kwamba tumenunuliwa kwa biriani. Tulilipa biriani hiyo, na stakabadhi tunayo. Twajua tutaambiwa kwamba tumeaibisha Waafrika mbele ya Wahindi. La, hasha. Aibu ilikuwako tayari, katika mwandiko mzuri wa mwenye hoteli, jina kwa jina. Sisi tumeisoma tu. Heshima ya Mwafrika wazee wetu waliitafuta kwa barua na maombi kwa wakubwa, miaka mingi. Sehemu yake moja ndogo haikuhitaji barua wala ombi. Ilihitaji mtu anyanyuke mezani, aende mpaka sanduku la fedha, aweke shilingi zake, na aage.

Yule mchuuzi alirudi jana kutoka Tanga. Amelipwa nusu. Anaingojea nusu ya pili, na wavuvi wanamngoja yeye.

Ni sisi ndugu zenu,
Makarani wa Moa.